Pijo, Volkswagen na Landrova: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Magari ya Zamani

Watu wawili wanaopenda magari ya zamani wakikutana mbele ya Peugeot iliyosimama chini ya mwembe, ndani ya dakika tano wataanza kubishana: ni ya mwaka gani, injini ni yake au ya kupandikizwa, na ipi bora kati ya hii na ile ya jirani. Majibu yaliyo hapa yanatokana na maswali ninayoulizwa tena na tena na vijana waliorithi gari la babu, wanunuzi wanaoogopa kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na mafundi wenyewe. Nimejikita kwenye magari yaliyoishi kwetu Afrika Mashariki, maana ndiyo ninayoyajua kwa kuyashika. Jibu likigusa jambo lililokwisha elezwa, nimekuelekeza kwenye swali lake.

## Mambo ya msingi

1. Gari lazima liwe na umri gani ndipo liitwe la zamani?

FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, linataka mambo matatu: gari liwe na umri wa miaka 30 au zaidi, liwe limetunzwa katika hali inayolingana na historia yake, na lisiwe linatumika kama usafiri wa kila siku. Kwa kipimo cha umri peke yake, hata Corolla zilizoingia mwanzoni mwa miaka ya 1990 zimeshafika. Najua wazee wengi hawapendi kusikia hivyo.

Sharti la tatu ndilo linalonisumbua. Lushoto bado kuna Land Rover zilizopita miaka 40 zinazopandisha watu na kabichi milimani kila siku ya Mungu. Kuziambia si za kihistoria kwa sababu zinafanya kazi ni kuzionea. Kwangu mimi umri na hali vinatosha.

2. "Vinteji" na "klasiki" ni kitu kimoja?

Hapana. Kwa Waingereza waliozoea kuyapanga magari kwa enzi, vinteji mwisho wake ni mwaka 1930. Volkswagen ya 1965 si vinteji hata kidogo. Klasiki ni neno legevu zaidi, na kila klabu ina mpaka wake.

3. Kwa nini mazungumzo yetu hayatoki kwenye Peugeot, Volkswagen, Land Rover, Datsun na Mercedes?

Kwa sababu barabara ndizo zilizochagua. Mashindano ya magari ya Safari (Safari Rally) yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa Malkia Elizabeth II, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miongo miwili ya kwanza magari mengi yaliyoshindana yalikuwa karibu sawa na yale yaliyouzwa dukani, kwa hiyo mwalimu, mfanyabiashara wa mazao au daktari wa wilaya aliyeona gari limerudi Nairobi likiwa zima aliweza kwenda kununua kama lile. Matangazo gani tena yangehitajika?

Volkswagen ilishinda 1953, 1954, 1957 na 1962. Peugeot 404 ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Katika mashindano ya 1963 na ya 1968 ni magari saba tu yaliyofika mwisho, na miaka yote miwili mshindi alikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Halafu wakaja Wajapani: Datsun 1600 SSS mwaka 1970, Datsun 240Z mwaka 1971 na 1973. Land Rover haikuhitaji ushindi wa mashindano. Ilikuwa serikalini, misheni, mbugani na shambani.

## Kulitambua gari

4. Nimekutana na gari nisilolijua. Nianzie wapi?

Usianzie kwenye nembo. Nembo hufungwa kwa pini mbili na huhama kutoka gari moja hadi jingine. Anza na vitu ambavyo fundi hawezi kuvibadilisha bila kukata bati: umbo la vioo, mahali pa taa, mstari wa paa, umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma. Ukishapata aina na kipindi, fungua boneti utafute bati dogo la kiwanda, kisha tafuta namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Mwisho ndipo usome kadi. Watu wengi huanza na kadi, na ndiyo maana wanadanganyika.

Tembea na futi ya kupimia na sumaku ndogo. Matumizi yake yako kwenye swali la 8 na la 13.

5. Nitajuaje Volkswagen yangu ya mgongo wa kobe (Beetle) ni ya mwaka gani?

Nenda nyuma kwanza. Kioo cha nyuma kilichogawanywa vipande viwili kwa ukanda wa bati katikati ni cha kabla ya Machi 1953. Kioo kimoja chenye umbo la yai ni cha kuanzia hapo hadi katikati ya 1957. Kuanzia Agosti 1957 kioo kikawa kipana, cha pembe nne. Vioo vyote vilipanuliwa tena kidogo kwa magari ya mwaka wa modeli 1965.

Kisha njoo mbele. Taa zilizolala nyuma kufuata mteremko wa madigadi ni za kabla ya Agosti 1967. Baada ya hapo taa zinasimama wima na bampa linakuwa nene, lenye kona. Magari ya zamani zaidi, hadi mwaka 1960, yana indiketa za mkono zinazochomoza kwenye nguzo ya mlango. Ukikuta nguzo ina mwanya mwembamba uliozibwa kwa puti, hapo palikuwa na mkono wa indiketa. Kioo cha mbele kilichobinuka pamoja na dashibodi nene ya plastiki ni 1303, iliyoanza Agosti 1972. Taa kubwa za mviringo za nyuma nazo ni za kuanzia hapo.

Sasa inua kiti cha nyuma. Namba ya chesisi imegongwa juu ya mgongo wa katikati wa sakafu. Kwa magari ya modeli ya 1965 na kuendelea, tarakimu mbili za kwanza zinataja aina na ya tatu inataja mwaka: namba inayoanza na 118 ni Beetle ya modeli ya 1968. Hapa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa, kwa sababu mwaka wa modeli wa Volkswagen ulianza Agosti. Gari lililotoka kiwandani Septemba 1967 ni modeli ya 1968. Mwenye kadi anasema 67, mwenye kuinua kiti anasema 68, na wote wawili wanasema kweli.

Kwa wanaouliza zilikoma lini: sedani ya mwisho ya Ujerumani ilitoka Januari 1978, na ya mwisho kabisa duniani ilitoka Mexico Julai 2003, baada ya magari zaidi ya milioni 21.

6. Peugeot 403, 404 na 504 natofautishaje kwa mbali?

403, ya kuanzia 1955, ni ya duara kila mahali, kama mkate wa boflo. 404 ilitoka 1960, ikiwa kazi ya Pininfarina kama 403 kabla yake: imenyooka, ina kona, na madigadi ya nyuma yana mapezi yanayochongoka. 504 ilitoka 1968. Taa zake za mbele zina umbo la jicho lililovutwa pembeni, na mfuniko wa buti unashuka kwa mkunjo ambao ukishauona mara moja hutausahau.

Boneti ikiwa wazi, 404 inajitambulisha yenyewe, kwa kuwa injini imelala upande kwa nyuzi 45. Nyingi zina ukubwa wa sisi (cc) 1618 na kabureta. Zile za sindano (injection) zilikuwa na pampu ya Kugelfischer, na ndizo zinazotafutwa sana. Kama nembo ya nyuma inasema "Injection" lakini chini ya boneti kuna kabureta, uliza maswali zaidi kabla ya kutaja bei.

7. Na 504 zenyewe? Fundi mmoja ananiambia yangu ni "ekseli ngumu".

Piga magoti nyuma ya gari utazame chini. 504 ya kawaida ya sedani ina magurudumu ya nyuma yanayojitegemea: utaona shafti fupi mbili zikitoka kwenye difu, na kila gurudumu lina mkono wake. Ukiona bomba moja nene kutoka gurudumu hadi gurudumu, hiyo ni ekseli ngumu. Ilifungwa kwenye steshenwagoni, pikapu na ile sedani ya bei nafuu ya 504 L. Fundi hakukutukana. Ekseli ngumu inabeba mzigo bila kulalamika, ila ile nyingine ndiyo iliyowafanya watu waseme Pijo inaelea juu ya matuta.

Steshenwagoni ni ndefu kuliko sedani hata kati ya magurudumu: sentimita 290 dhidi ya 274. Ndiyo iliyoingiza safu ya tatu ya viti na kuwa teksi ya safari ndefu Kenya kwa miaka mingi.

Injini za mwanzo zilikuwa za sisi 1796, kisha zikaja za sisi 1971. Na 504 nyingi za Kenya ziliunganishwa hukohuko kutoka kwenye vipande vilivyokuja ndani ya makasha, hata baada ya Ufaransa kuacha kutengeneza sedani mwaka 1983. Kwa hiyo usishangae kukuta 504 ya miaka ya 1990. Si gari la kughushi.

8. Land Rover: hii ni Series ipi?

Hapa ndipo penye kazi, kwa sababu bodi ya Land Rover ni vipande vya aluminiamu vilivyofungwa kwa bolti. Mlango wa Series III unakaa kwenye Series IIA bila kusukumwa. Nimeona gari moja lenye madigadi ya miaka ya 1970, milango ya 1960 na paa la 1980, yote yakiwa yamepakwa kijani kimoja.

Anza na ubavu. Series I, ya 1948 hadi 1958, ina ubavu ulionyooka kama kabati. Kuanzia Series II, 1958, ubavu una bega la mviringo chini kidogo ya madirisha. Series IIA, ya 1961 hadi 1971, ilianza na taa zilizokaa ndani karibu na wavu wa rejeta, kisha mwishoni mwa miaka ya 1960 zikahamia kwenye madigadi. Series III, ya 1971 hadi 1985, ina wavu wa plastiki mbele.

Lakini taa na wavu hubadilishwa. Ndiyo maana mimi huingia ndani na kutazama dashibodi. Series I, II na IIA zina saa zake (vipimo vya mwendo na mafuta) katikati ya gari. Series III ina saa mbele ya dereva. Kubadilisha hilo kunahitaji kubadilisha ukuta mzima wa mbele, na ni wachache wanaojisumbua. Pia Series III inaingia gia ya kwanza na ya pili bila kusaga, kwa kuwa gia zote nne za kwenda mbele zina sinkroni.

Baada ya hapo tumia futi: pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma. Ukipata kama sentimita 224 ni inchi 88, ile fupi. Ukipata kama 277 ni 109. Mtu akikuambia 109 yake ni 110, tofauti ni sentimita mbili na nusu tu, kwa hiyo usibishane na futi. Tazama springi. 109 ina springi bapa zilizopangana, 110 ya kuanzia 1983 ina springi za koili.

Namba ya chesisi imegongwa kwenye fremu, upande wa kulia mbele, pale springi inapofungwa. Utahitaji brashi ya waya, mafuta ya taa kidogo na subira.

9. Morris Minor?

Kioo cha mbele cha vipande viwili ni cha kabla ya 1956. Kioo kimoja kilichobinuka ni Minor 1000. Taa zilizokaa chini karibu na wavu ni za miaka ya mwanzo kabisa. Ukiipata hiyo, ishike.

10. Mercedes ya mzee wangu ni 240D. Ni "W" ngapi?

240D ilitengenezwa katika maumbo mawili, kila moja na namba yake ya kiwanda inayoanza na W, kwa hiyo nembo haitoshi. Taa za mbele zilizosimama wima ni W115, iliyoanza 1968. Taa zilizolala kwa upana ni W123, iliyotoka 1976 na kudumu hadi katikati ya miaka ya 1980. Katika W123 za bei ya kawaida, taa za mviringo mbilimbili nyuma ya kioo kimoja ni za kabla ya Septemba 1982. Kuanzia hapo zote zikawa za mstatili. Ile 300D ina silinda tano, na mngurumo wake wa kupishana unaweza kuutambua ukiwa chumbani. Mercedes ndizo gari zilizotupa neno "wabenzi", na mpaka leo dizeli zake zinawashwa asubuhi na wajukuu wa wabenzi wa kwanza.

11. Datsun 160J ni ile iliyoshinda Safari?

Inategemea. Jina 160J lilibandikwa kwenye vizazi viwili vya modeli ya Datsun Violet. Cha kwanza, cha 1973 hadi 1977, kina mgongo unaoteremka na kiuno kilichopanda nyuma. Cha pili, A10, kina pembe na kimesimama kama sanduku. Shekhar Mehta alishinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, na A10. Mwenye kizazi cha kwanza ana gari zuri, ila asiligawie ushindi usio wake.

## Asili na udanganyifu

12. Namba ya injini hailingani na kadi. Niliache?

Si lazima. Magari yetu yalifanya kazi, injini zikafa, zikafungwa nyingine. Namba ya injini isiyolingana inashusha bei na inahitaji kurekebishwa kwenye kumbukumbu za usajili. Namba ya chesisi isiyolingana ni jambo jingine kabisa. Ikiwa imesagwa, imegongwa upya kwa herufi zisizo na mstari, au bati limefungwa kwa skurubu mahali palipokuwa na ribiti, ondoka. Usinunue hata kwa bei ya chuma chakavu, kwa sababu huenda unanunua kesi.

13. Nitajuaje bodi imejazwa puti?

Sumaku ndogo, iliyofungwa kitambaa chembamba isikwaruze rangi. Niliwahi kwenda Moshi kutazama 504 nyeupe iliyong'aa mpaka unajiona. Mwenyewe alikuwa ameiegesha juani makusudi. Nilipitisha sumaku kwenye mlango wa mbele, ikanata. Nikaishusha taratibu kuelekea kizingiti cha chini, ikaanza kulegea, na sentimita kumi juu ya ukingo ikaanguka majanini. Nikaiokota, nikajaribu upande wa pili, ikaanguka palepale. Chini ya rangi ile hapakuwa na chuma. Palikuwa na puti, na chini ya puti, gazeti lililosokotwa kuziba tundu.

Kwa Land Rover sumaku haikusaidii kwenye bodi kwa kuwa ni aluminiamu. Kwake tumia nyundo ndogo kwenye fremu, hasa boriti ya nyuma kabisa. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa na kutu kinanong'ona.

14. Namba ya usajili inaweza kunionyesha umri?

Inaonyesha lini gari lilisajiliwa. Lini lilitengenezwa ni suala jingine. Kwa Kenya, namba zenye herufi ya ziada mwishoni, zilizoanzia KAA, ni za kuanzia 1989. Gari lenye herufi tatu na tarakimu bila herufi ya mwisho lilisajiliwa kabla ya hapo. Wengi wanazithamini sana namba hizo za kale, na mimi ni mmoja wao. Lakini rudi swali la 4: chuma kwanza.

## Mabishano yasiyokwisha

15. 404 au 504?

Nitasema ninachoamini. 504 ni gari bora: imetulia zaidi, ina breki za diski na inakaa barabarani hata kwenye changarawe yenye makorongo. Ukitaka gari moja la kwenda nalo Dodoma kesho, chukua 504. Lakini 404 ndiyo gari niipendayo. Milango yake inafunga kwa sauti ya kabati la mninga, bati lake ni nene, na kila kitu chini ya boneti unakifikia kwa spana za kawaida ukiwa umesimama. Kwenye Safari, 404 ina ushindi mara nne na 504 mara mbili, mwaka 1975 na 1978. Wapenzi wa 504 wakikutajia 1978, wakumbushe kwamba ile ilikuwa coupé ya milango miwili yenye injini ya V6, gari ambalo mjomba wao hakuwa nalo.

16. Land Rover au Land Cruiser ya zamani?

Linganisha zinazolingana: Series III na FJ40, iliyotoka 1960 na kuendelea hadi 1984. FJ40 ina injini kubwa ya silinda sita na shafti zisizokatika ovyo. Series ina shafti za nyuma ambazo kila dereva wa zamani amewahi kuzibadilisha porini. Hapo Toyota imeshinda. Upande wa kutu mambo yanageuka: bodi ya FJ40 ni chuma na pwani huliwa, ilhali bodi ya Land Rover inabaki, ila fremu yake uichunge. Kwa mtu wa Tanga au Mombasa hilo si dogo. Mapenzi ya watu nayo yamo kwenye mizani: mwaka 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover, na watu waliendesha magari yao kutoka mikoa ya mbali kwenda kujipanga nayo.

17. Nani mkali wa Safari, Joginder Singh au Shekhar Mehta?

Kwa hesabu ni Mehta: mara tano, ukijumlisha 1973, alipolingana pointi na Harry Källström na kupewa ushindi kwa kanuni ya kuvunja sare. Joginder ana mara tatu, 1965, 1974 na 1976. Lakini 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika. Mtu akishinda Safari kwa gari la mtumba, mimi huvua kofia. Hawakumwita Simba wa Kenya bure.

18. Nipige rangi mpya au niache kama lilivyo?

Swali hili ndilo linaloniumiza kuliko yote, kwa sababu makosa yake hayarudishiki. Niliwahi kuona 504 steshenwagoni yenye mstari wa teksi uliofifia ubavuni, matundu ya keria kwenye paa, na chini ya zulia sakafu iliyochubuliwa na viatu vya abiria wa miaka ishirini. Mwenyewe aliifanya "kama mpya": mstari ukafutwa, matundu yakazibwa, viti vya safu ya tatu vikatupwa. Sasa inafanana na picha ya kitabu cha mauzo cha Ufaransa. Historia yake ya Afrika Mashariki imeishia kwenye pipa la karakana.

Msimamo wangu ni huu. Zuia kutu, tengeneza kila kinachohusu usalama, lakini alama za kazi ziache. Magari yaliyobaki kama kiwanda kilivyoyatoa yapo ya kutosha Ulaya. Lililobeba watu kutoka Nakuru hadi Nairobi halipo kwingine. Wengine watakupinga, wakikuambia waamuzi wa Concours d'Elegance ya Nairobi, inayofanyika tangu 1970, hutazama unadhifu hadi chini ya gari. Ni kweli, na ukilenga mashindano hayo fuata masharti yake. Ila chagua ukijua unachokiacha.

## Matumizi na spea

19. Petroli isiyo na risasi itaua injini yangu?

Petroli yenye risasi iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara kufikia 2006, kwa hiyo gari lako tayari limeishi bila hiyo kwa miaka mingi. Risasi ilikuwa inakinga viti vya valvu visiliwe. Peugeot 404, 504 na Volkswagen zina silinda hedi za aluminiamu zenye viti vya chuma kigumu vilivyopachikwa, na hazina shida kubwa. Wa kuangalia ni Morris Minor na Land Rover za petroli, ambazo viti vimechongwa moja kwa moja kwenye hedi ya chuma. Pima nafasi ya valvu mara kwa mara. Ikiwa inazidi kupungua kila unapopima, valvu inazama. Hedi ikifunguliwa, mwambie mkerezaji apachike viti vigumu, kazi iishe.

20. Spea napata wapi?

Nairobi anza Kirinyaga Road, Dar es Salaam anza Gerezani. Beba kifaa kilichoharibika mkononi, usiende na jina tu, maana kifaa kimoja kina majina matatu. Vioo, raba za milango na taa ndivyo vigumu kupatikana kuliko vipande vya injini. Ukikuta gari bovu la aina yako linauzwa kwa kilo, linunue kwa ajili ya vioo peke yake.

## Kesi ngumu

21. Pijo yangu ina injini ya Toyota. Bado ni Pijo?

Ni Pijo yenye injini ya Toyota, na ndivyo iandikwe. Sioni aibu. Injini ile iliiokoa isiende kuyeyushwa. Swali la maana ni kama kulikatwa kitu ili iingie. Kama fremu na ukuta wa mbele ni vizima, siku moja injini yake itarudi. Ihifadhi injini ya awali hata ikiwa imekufa, na namba yake usiifute (tazama swali la 12).

22. Nyayo Pioneer inahesabika?

Ndiyo, na kwa heshima. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya, na magari ya majaribio yalionyeshwa 1990. Yalikuwa matano tu na mradi haukufika sokoni. Wanaolicheka wajaribu kwanza kutengeneza kitasa kimoja cha mlango kutoka mwanzo.

23. Naweza kuagiza klasiki kutoka Ulaya?

Kenya ina kikomo cha miaka minane kwa magari yaliyotumika na haikubali kusajili usukani wa kushoto kwa matumizi ya kawaida. Tanzania magari yenye umri mkubwa hutozwa zaidi. Uliza mamlaka ya mapato kabla ya kutuma hata shilingi. Hali hiyo ina maana moja: magari yaliyopo ndiyo tuliyo nayo, na kila moja linaloyeyushwa halirudi.

24. Gari la marehemu baba limekaa bandani miaka kumi na tano, kadi haionekani. Nianzeje?

Kabla ya kulisukuma, kabla ya kuliosha, piga picha. Namba ya usajili, bati la kiwanda, namba ya chesisi, namba ya injini, kila upande wa bodi. Kisha fungua kisanduku cha dashibodi na chini ya viti, kwa mikono yako mwenyewe. Katika gari la mzee mmoja tulikuta stakabadhi za bima zilizokunjwa ndani ya kitabu cha huduma, na kwenye ukurasa wa mwisho, kwa wino wa buluu, tarehe ya kila oili aliyobadilisha. Namba ya chesisi ilikuwa imeandikwa juu ya stakabadhi ya kwanza. Kwa karatasi hiyo, na hati za mirathi, familia ilianza kufuatilia kadi mpya.

Usiwashe injini. Toa plagi, mimina mafuta kidogo kwenye kila silinda, yaache yashuke usiku kucha, kisha zungusha injini kwa mkono. Ikizunguka, mwite fundi. Ikigoma, mwite pia, lakini mwambie asilete nyundo.